Ukishaweka gia, toa mkono

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mchana mbele ya vijana wa gereji na wanaojifunza udereva hapa Mtwara mjini. Ambao hawakuwepo wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia maana mtu mzima akipewa maiki kuirudisha ni kazi.)

Assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Na wale wasio huku wala kule, habari za mchana.

Wazee wangu mliokaa mbele hapa, shikamooni. Mama zetu wa ntilie pale pembeni naona sufuria ya pilau ishaanza kutoa harufu, kwaiyo najua kabisa muda wangu ni mpaka kifuniko kifunuliwe, baada ya hapo hata nikitangaza nagawa gari bure hakuna atakayeniskia.

Nimeambiwa niongelee magari ya zamani. Nikaona magari ya zamani yote hayaishi leo, ntachukua aina moja tu, gari ambalo halina pedeli ya klachi, kile kikanyagio cha kutenganisha injini na giaboksi, lakini gia unabadilisha mwenyewe kwa mkono. Hilo hapo nje chini ya mwembe ndo mfano wake. Nimewaona mlivyokuwa mnachungulia dirishani, kuna kijana kaniuliza "mzee, hii ulitoa klachi?" Sijatoa, lilizaliwa hivo.

Naomba mikono. Nani humu anaendesha manyo? Sawa, wengi. Nani kazoea oto, IST, Vitz, hizi za weka D twende? Naona hata mafundi wameinua, msione aibu. Sasa nani kawahi kuendesha kitu ambacho si manyo wala si oto? Kimya. Haya, niulize vingine. Nani kawahi kuendesha Honda 50? Zile pikipiki walizokuwa wanapanda mapadri, manesi, mabwana shamba, walimu wakuu, zenye kikinga miguu cheupe hapa mbele? Ahaa, wazee wote mikono juu! Basi nyie mlikuwa mnaendesha nusu oto miaka yote hiyo na hamkujua.

Honda ile ilianza kutengenezwa mwaka 1958, na mpaka 2017 walishatengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo, hakuna chombo cha moto duniani kimefikia hapo. Haina mkono wa klachi. Kuna klachi ndani inajishika yenyewe injini ikizunguka kwa kasi, kwaiyo ukisimama haizimi. Na kile kikanyagio cha gia cha mguu wa kushoto kina kazi mbili, kinabadilisha gia na hapohapo kinafungua klachi. Sasa wazee mtanisaidia, ukikanyaga kile kikanyagio ukakibana, hukuachia, ukavuta mafuta, inakuwaje? Mzee pale kasema "inalia haiendi". Haswaa. Shikeni neno hilo, inalia haiendi, tutalirudia kule kwenye mlima wa Newala.

Gari langu hili ni Volkswagen, watoto wa mtaani kwangu wanaliita kobe. La mwaka 1970. Aina hii ya giaboksi VW walianza kuiweka kwenye kobe mwishoni mwa 1967 na huko nje wakaiita Autostick. Mbele ina gia tatu. Kwenye kirungu zimeandikwa L, 1 na 2, halafu kuna rivasi. L ni ya mlima na mzigo, 1 ni ya mjini, 2 ni ya safari. Ukilitazama haraka utadhani walikosea kuhesabu.

Kwa nini walifanya hivyo badala ya kuweka oto kamili wakamaliza? Nguvu, vijana. Injini ile ya cc 1500 ina nguvu ya farasi 44. Arobaini na nne! Oto za zamani zile zilikuwa zinakula nguvu sana, Wamarekani hawakuona taabu maana wao wana V8, injini kubwa ya silinda nane, chini ya boneti, we na farasi wako 44 ukipachika oto ya zamani unabaki na punda watatu. Na hukohuko Marekani ndo kobe lilikuwa linauzwa kwa wingi na watu wa kule walikuwa wameshachoka na pedeli ya tatu. Wajerumani wakakaa wakapiga hesabu, wakasema tuondoe mguu, tubakize mkono.

Ntaeleza linavyofanya kazi, mafundi msogee, wasio mafundi pia msogee maana ntatumia kifuu.

Kuna vitu viwili ndani. Cha kwanza ni tokonveta. Chukua beseni la maji, weka kifuu cha nazi kielee katikati. Tia mkono pembeni uzungushe maji. Kifuu kitazunguka, na mkono wako haujakigusa. Ndo hivo, injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi. Sasa mwambie mwenzio akishike kifuu kisizunguke, mkono wako bado unaweza kuzungusha maji si ndiyo? Hiyo ni gari limesimama kwenye taa au limemsubiri mbuzi avuke, gia imeingia, injini inanguruma, haizimi. Lakini kazi yako yote hapo inageuka kuwa joto kwenye maji, msisahau hilo joto.

Cha pili ni klachi yenyewe, klachi ya kawaida kabisa yenye sahani, ipo, sema hakuna mguu wa kuikanyaga. Anayeikanyaga ni hewa. Chini ya kirungu cha gia kuna vikontakti viwili vidogo vya umeme, ukigusa kirungu tu, hata hujabadilisha gia bado, kirungu kinalala kidogo na vikontakti vinagusana. Umeme unaenda nyuma kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya umeme, solenoidi inafungua valvu, valvu inaruhusu mvuto wa injini, ule mvuto mnaoujua wa kwenye manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ukavute ngozi ya mpira ndani ya kibuyu cha bati kilichofungwa kwenye giaboksi, na ile ngozi ndo inavuta mkono wa klachi. Haya yote yanatokea kabla hujamaliza kufumba jicho. Ukiachia kirungu hewa inarudi, klachi inashika.

Kwaiyo mkono wako ndo mguu wako. Mmeelewa? Mkono ukigusa kirungu ni sawa umekanyaga klachi mpaka chini.

Sasa twende Newala.

Mwaka ule nilikuwa na hilo gari miezi michache. Mama mkwe wangu yupo Masasi, kuna msiba Newala, mke wangu akasema nenda kamchukue mama. Mnajua mkwe wa kiume akiitwa na mama mkwe anavyokuwa, shati limepigwa pasi, gari limeoshwa mpaka ndani ya matairi. Nikafika Masasi nikapokea heshima zangu, mama kakaa kiti cha nyuma na kikapu cha ming'oko, vile viazi pori vyetu, kama zawadi ya wafiwa, na wadogo wa mke wangu wawili. Tukaondoka.

Tulipoanza kupanda ile milima ya kwenda uwanda wa juu mimi nilikuwa gia 1. Kiutaratibu hapo ni L, mlima upo na watu wanne na kikapu, ila nani anataka kuingiza L mbele ya mama mkwe? Nikasema nisubiri, nikiona linashindwa nashusha. Na ili niwe tayari kushusha nikaweka mkono juu ya kirungu. Nikauacha pale. Nilikuwa nimeendesha manyo miaka zaidi ya ishirini na mkono wangu wa kushoto muda wote kitanda chake ni kirungu cha gia, wengi wenu hapa hivohivo, ukiambiwa utoe mkono unaona kama umevuliwa nguo.

Injini ikaanza kulia. Nikasema hilo limechoka, nikaongeza mafuta. Ikalia zaidi. Mwendo ukapungua. Nikakanyaga mafuta mpaka sakafuni, injini inalia kama mashine ya kusaga, na gari linasimama, halafu, naapa, likaanza kurudi nyuma taratibuuu. Nyuma yangu kuna lori la korosho linapanda. Mama mkwe kimya muda wote, akainama mbele akasema kwa upole kabisa, "Baba, mbona inalia haiendi?"

Jasho likanitoka. Nikainua mkono kujifuta jasho.

Mnajua kilichotokea! Mkono umetoka kwenye kirungu, klachi imeshika, na mguu wangu uko sakafuni kwenye mafuta. Gari liliruka. Ming'oko ilitoka kwenye kikapu ikajaa chini ya viti vyote, mama mkwe akaangukia mgongo wa kiti, kitambaa cha kichwa kimemfika puani. Na gari likapanda mlima kama hakuna kilichotokea. Niliiokota ming'oko mwenyewe Newala mbele ya wafiwa, na mpaka leo nikienda Masasi yule mama ananiuliza "Baba, umekuja na ile inayolia?"

Kwaiyo sheria ya kwanza na kama mna daftari iandikeni peke yake, ukishaweka gia, toa mkono. Weka kwenye usukani, weka mapajani, toa dirishani kama unatongoza, popote ila si kwenye kirungu.

Kuliendesha kwenyewe si kugumu. Stata haipigi mpaka gia iwe fri. Ikiwaka, kanyaga breki, weka 1 kama barabara ni tambarare, toa mkono, kanyaga mafuta, linaondoka kama mtumbwi unavyosukumwa kutoka ufukweni, halishtuki. Ukitaka kwenda 2, kwanza toa mguu kwenye mafuta. Kwanza mguu! Ukigusa kirungu huku umekanyaga mafuta injini haina mzigo, itapiga resi mpaka majirani watoke. Toa mguu, vuta kirungu bila papara, toa mkono, rudisha mguu. Mguu, mkono, mkono, mguu. Wiki ya kwanza nilikuwa naimba njia nzima kama mtoto wa madrasa.

Halafu kuna mguu wa kushoto. Huu ndo utakaokuaibisha. Mpwa wangu dereva mzuri tu wa fuso nilimpa aliendeshe pale Shangani, anataka kubadili gia, mguu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi kama kawaida yake, na pedeli ya breki ya gari hili ni pana kuliko mlizozoea. Akaikuta breki. Akaikanyaga kwa nguvu ya klachi ya fuso. Wote tulibusu kioo. Ushauri wangu kwa anayeanza, huo mguu ukunje urudishe nyuma chini ya kiti, ukae huko umefungwa. Utakuuma jioni kama una chikungunya, neno letu hilo la Kimakonde dunia nzima wanalitumia, ila utazoea.

Lingine ambalo wengi hawalijui ni kupaki. Manyo ukizima ukaacha gia, injini inazuia gari. Hili ukiacha gia haina maana kubwa, kumbuka kifuu, katikati kuna mafuta tu hamna chuma kilichoshikana na chuma. Kwenye mteremko wa kuingia Mikindani nilishaliacha kwenye gia nikaenda kununua samaki, narudi nakuta vijana wawili wamelishikilia kwa mgongo na wa tatu anatafuta jiwe. Breki ya mkono iwe nzima, na ukiweka jiwe hakuna atakayekucheka. Na kusukuma likiwa halina betri, msihangaike, mimi nimesukumiwa na watu wanane uwanja mzima na wakadai soda zao na halikuwaka. Beba betri nyingine au beba waya.

Ngoja niseme kidogo nilivyolipata maana mtaniuliza. Nililinunua Dar mwaka 2005 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Usukani kulia, lilikuja kutokea Uingereza. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limefunguliwa 2003, na mwaka huohuo 2003 ndo kobe la mwisho kabisa lilitoka kiwandani kule Mexico, kwaiyo mimi naona kama walipokezana. Watu wa kusini mnajua kabla ya daraja tulivyokuwa tunaishi, mvua ikinyesha umefungiwa mpaka Mungu apende. Sasa daraja lilikuwepo ila lami haikuwa imekamilika, na kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, wee! Kilomita 60 hivi. Wazee wanatikisa vichwa.

Pale ndo nililipenda hili gari. Kwenye mchanga na tope manyo inakusumbua kwa sababu klachi ukiachia kidogo tairi linazunguka linachimba kaburi lake. Hili ukiweka L ukakanyaga mafuta kidogokidogo, yale mafuta ya tokonveta yanasukuma taratibu, tairi halishtuki, linatambaa. Nilipita pembeni ya malori mawili yamezama na madereva wake wamekaa juu ya boneti wanakunywa chai. Mmoja kaniambia "mzee kobe limewashinda sungura" nikapunga mkono nikapita. Ila kabla sijafika Somanga taa ikawaka kwenye dashibodi, taa ya joto la mafuta ya tokonveta. Mnakumbuka niliwaambia msisahau joto? Kutambaa saa nzima ni sawa na kuzungusha maji huku kifuu kimeshikwa. Nikapaki kivulini nikalala usingizi kabisa, nilipoamka madereva wale wa malori wakanipita wao, na yule wa kobe na sungura akapiga honi ndeefu.

Hili kobe si peke yake kwenye ukoo wake, na nisipowatajia ndugu zake mtadhani Wajerumani wa VW waliota peke yao. Kule Uingereza kampuni ya Daimler tangu 1930 waliunganisha gurudumu la mafuta, ndugu wa tokonveta, na giaboksi aliyoibuni Walter Wilson, mmojawapo wa watu waliobuni kifaru cha vita. Giaboksi ya Wilson mimi ndo naihusudu kuliko zote. Unachagua gia kabla hujaihitaji, kakirungu kadogo unakasogeza kwenye 3 na hakuna kinachotokea, gari linaendelea na 2 yake, halafu ukifika unapotaka unakanyaga pedeli mara moja, paa, 3 imeingia. Ni kama kumwambia mama ntilie asubuhi niwekee wali samaki, mchana unafika unakaa tu sahani inakuja. Mabasi mekundu ya ghorofa ya London yale ya RT yalikuwa na giaboksi ya namna hiyo, dereva anaagiza gia huku bado yuko kituoni.

Wafaransa nao Oktoba 1955 kwenye maonyesho ya Paris wakatoa Citroën DS, siku ya kwanza tu watu walitoa oda 12,000. DS haina klachi ya mguu, kila kitu kinaendeshwa na mafuta ya presha kutoka pampu moja, springi, breki, usukani, klachi. Breki yake si pedeli, ni kitufe cha mpira kama uyoga sakafuni. Na kirungu cha gia ni kijiti chembamba juu ya usukani, ukitaka kuwasha injini unakisukuma kijiti hichohicho kushoto. Gari zuri mno kulitazama, mimi kulimiliki hapana, presha ikivuja linalala chini kama ng'ombe aliyegoma, na fundi wa kuliamsha hapa kwetu utamtoa wapi.

Hata Porsche waliweka kitu karibu sawa na hiki changu, gia nne, wakaacha 1980. Na NSU Ro 80 ya 1967, gari la Kijerumani nalo, ile yenye injini isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, nayo gia tatu na swichi kwenye kirungu. Wote hao ukiegemeza mkono umeumbuka, haijalishi ulilinunua bei gani.

Sasa mafundi. Naongea na nyie hapa kwa uchungu kidogo. Kuna gereji moja, si lazima niitaje na wala haipo mtaa huu, nililipeleka kwa shida ya breki tu. Fundi akaona chini ya mkingo wa tairi la nyuma kuna kopo la bati na mpira umeingia, akaona upande wa pili kuna tenki dogo la mafuta, akaona kwenye injini kuna mabomba ambayo kobe alizozoea hazina. Akaamua ni takataka za mzungu. Akachomoa mipira akaziba kwa bolti, alafu akanikabidhi gari na tabasamu akaniambia "mzee nimekupunguzia mambo". Nikawasha, nikaweka gia, giaboksi ikanguruma kama unasaga mawe. Kopo lile ndo ghala la mvuto, injini ikiwa na mzigo mvuto unapungua, klachi inakopa pale. Tenki lile ndo mafuta ya tokonveta. Mambo yote aliyonipunguzia ndo yalikuwa gari lenyewe.

Simlaumu kwa kutokujua, hata mimi nilikuwa sijui. Namlaumu kwa kutokuuliza, mwenye gari nipo nimekaa palepale kwenye tairi nakula karanga.

Na jambo jingine la mafundi, pampu. Nyuma ya injini kuna pampu mbili zimebebana, moja ya oili ya injini nyingine ya mafuta ya tokonveta. Sili ya katikati ikifa mafuta ya tokonveta yanahamia kwenye injini. Kwaiyo ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta imepanda juu ya alama na hakuna aliyeongeza, usifurahi. Nusa, angalia rangi, halafu kachungulie lile tenki.

Ila ugonjwa mkubwa wa gari hili hapa kwetu hautoki kiwandani, unatoka baharini. Mimi naishi karibu na maji, upepo wa chumvi unaingia usiku kucha. Baada ya miaka kadhaa gia zikaanza kugoma asubuhi, mchana zinaingia vizuri. Nikabadilisha mipira yote ya ule mvuto, wapi. Nikahisi solenoidi, nikaagiza, nikasubiri miezi, ikaja, nikafunga, wapi. Pesa imekwenda. Siku moja mjukuu wangu wa miaka saba kakaa kiti cha dereva anacheza, funguo imewashwa injini imezimwa, anasukuma kirungu huku na huku, mi niko nyuma nimefungua boneti ya injini. Nikagundua sisikii kitu. Kirungu kikiguswa, solenoidi inatakiwa ipige "tik". Nikamwambia "baba, gusa tena." Kimya. "Gusa kwa nguvu." Tik. "Gusa polepole." Kimya.

Nikapiga magoti ndani ya gari nikafungua kirungu pale chini kwa bisibisi, nikavua ule mpira. Ndani vikontakti viwili, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole kidogo, vimeota ukungu wa kijani kama shilingi ya zamani iliyookotwa ufukweni. Nikachukua msasa laini, ule wa mwisho kabisa wa seremala, nikakunja kipande nikakipitisha katikati mara tatu nne mpaka shaba ikang'aa nyekundu. Nikapuliza. Nikasema "gusa." Tik. "Polepole." Tik. "Na unyoya wa kuku." Mtoto akaenda kweli kutafuta unyoya wa kuku. Tik.

Miezi mitatu ya kuagiza spea, na dawa ilikuwa msasa wa shilingi mia tano. Tangu hapo kila mvua zikiisha nafungua pale napitisha msasa, kazi ya dakika kumi.

Naona kifuniko kimefunuliwa. Haya. Gari liko nje, lina mafuta, na breki ya mkono imevutwa na jiwe liko chini ya tairi. Wa kwanza atakayekuja kulijaribu ni binti yule wa mwisho kule, umeandika muda wote tangu nimeanza, njoo mwanangu, funguo hizi hapa.

(Niongeze kilichofuata maana ndo wengi wanachouliza. Binti alikaa, akavuta kiti mbele, mguu wa kushoto akaukunja chini ya kiti bila kuambiwa. Nikaondoa jiwe nikapanda pembeni. Akawasha, akaweka 1, akashusha breki ya mkono, akakanyaga mafuta. Injini ikalia, gari limetulia tuli chini ya mwembe na watu wote wanatutazama. Sikusema kitu. Akaniangalia mimi, akaangalia mkono wake wa kushoto, akaguna. Akatoa mguu kwanza, halafu ndo akatoa mkono, akakanyaga tena kidogo, tukatoka mpaka barabarani tukazunguka mpaka kule bandarini tukarudi. Tuliporudi pilau ilikuwa imebaki ukoko, tukagawana.)